Dhahabu Inapoacha Ugoigoi Wake

Neno "kichocheo" limetuponza. Mwalimu wa kemia alitajapo, mwanafunzi huona kuni zikisukumwa mekoni na moto ukipanda. Ilhali kichocheo cha wanakemia hakiongezi moto. Huufungulia mmenyuko njia nyepesi, kisha hubaki kama kilivyoingia. Msuedi Jöns Jacob Berzelius, aliyeiasisi istilahi ya katalisisi mnamo 1835, aliichota katika neno la Kigiriki lenye maana ya kulegeza.

Itazame dhahabu. Bangili ya dhahabu haipati kutu, haijali hewa wala maji. Ndiyo maana kwa muda mrefu wanakemia waliihesabu kuwa goigoi. Mwaka 1987 Masatake Haruta na wenzake huko Japani walitangaza kwamba chembe ndogo mno za dhahabu, zikiegemezwa juu ya oksidi za metali, huigeuza monoksidi ya kaboni kuwa dioksidi hata chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Siri mojawapo ni udogo. Mchemraba wa sentimita 1 kila upande una eneo la nje la sentimita mraba 6. Ukikatwa vichemraba vya nanomita 10, eneo hilo hufikia mita mraba 600! Tena atomu za pembeni hazina majirani wa kutosha, nazo huwa tayari kushikana na wageni.

Huko Italia, Laura Prati na Michele Rossi walionyesha mnamo 1998 kwamba dhahabu ya namna hii hufanya kazi majini, ikitumia oksijeni. Utafiti uliofuata uliigeukia glukosi. Molekuli hiyo ina sehemu kadhaa ziwezazo kushambuliwa, lakini dhahabu huchagua ncha moja tu, ile ya aldehaidi, ikatoa asidi ya glukoniki itumiwayo katika vyakula na dawa. Hapahitajiki viyeyushi vinavyowaka moto na kudhuru mapafu. Kasoro ipo: chembe hizo hupenda kugandamana, na zikinenepa ugoigoi hurudi. Ndipo huegemezwa juu ya kaboni.

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakiwezi kuyabeba mambo haya, na shule zetu za Kenya zingali zikifundisha kemia kwa Kiingereza. Hali TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990! Kilichosalia ni walimu wa kemia na wa Kiswahili kuketi pamoja wakabishane. Mimi naanza: badala ya "kichocheo", napendekeza "kifunguzi". Anayepinga na atoe lake.