Ordinatere ni chache, wanafunzi ni wengi: ginsi ya kuwaongoza watengeneze mchezo mmoja pamoja na Scratch

Ku masomo yenye ordinatere tatu ao nne, mara mingi inapita hivi: mtoto mwenye kuzoea anakamata kipanya, wenzake wanabaki kuangalia nyuma ya mabega yake. Saa ikiisha, mmoja amejifunza, wengine wameona tu. Wenye kubaki nyuma, mara mingi ni wasichana na wale ambao nyumbani hawana ordinatere. Kuongeza mashini ni vizuri, lakini kugawa kazi ndiko kunasaidia kwanza.

Scratch ni nini?

Ni programu ya bure, iliyotolewa mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick kwenye chuo cha MIT, Marekani. Ilifikiriwa zaidi kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto haandike maagizo marefu: anaunganisha bloku za rangi kama vile mtu anapanga briki, na kila bloku ni agizo moja, kama vile «songa», «rudia», «tuma ujumbe». Ukiisha kuiweka ndani ya ordinatere, inatumika bila intaneti.

Mfano: chupa za Ruzizi

Tuchukue jambo ambalo kila mtoto wa Bukavu anajua. Chupa za plastiki zinashuka na mvua hadi ndani ya ziwa Kivu, zinafika ku baraji ya Ruzizi na kuziba fasi maji inapita ili kuzungusha mashini. Njo maana takataka na umeme vinaendana.

Mchezo ni huu: pirogi inaenda kushoto na kuume, ikikusanya chupa zenye kushuka. Chupa kumi zikipita, umeme unakatika na muji unakuwa giza.

Vikundi vine vinagawana kazi:

- Cha kwanza kinachora ziwa na muji mara mbili: wenye taa, na wenye giza. Ordinatere yao ndiyo inabeba mchezo wote.
- Cha pili kinatengeneza pirogi.
- Cha tatu kinatengeneza chupa.
- Cha ine kinatengeneza mlinzi wa baraji, mwenye kuhesabu chupa zilizopita.

Mapatano kwanza, ordinatere kisha

Hapa ndipo kazi nyingi za pamoja zinaharibika. Kikundi kimoja kikituma ujumbe «anza», kingine kikingojea «kuanza», hakuna kitu kitasonga, hata kama kila kikundi kimefanya vizuri kwake. Kwa hiyo, mbele ya kuwasha mashini, wote wakubaliane na waandike ku ubao:

- majina ya wahusika: pirogi, chupa, mlinzi;
- majina ya ujumbe: «anza», «chupa imepita», «umeme umekatika»;
- nani anatuma na nani anapokea. Chupa inasema tu kwamba imepita. Mlinzi peke yake ndiye anahesabu. Akifika kumi, anatuma «umeme umekatika», na picha ya muji inabadilika.

Watoto wachore pia bloku zao ku karatasi. Hata umeme ukikosekana siku hiyo, somo linaendelea.

Shofere na konvoyere

Ndani ya kila kikundi, mmoja ni shofere: anashika kipanya. Mwengine ni konvoyere: anaonyesha njia kwa mdomo, lakini hagusi. Wengine wanafuata karatasi na kutafuta makosa. Kila dakika kumi wanabadilishana, hata kama mtoto hajamaliza. Mwalimu naye asikamate kipanya, aulize tu: «Ulitaka nini itokee? Na sasa nini inatokea?»

Kuunganisha na flashi

Kikundi cha chupa kinahitaji pirogi ili kijaribu kazi yake. Kiweke ya muda, lakini yenye jina lilelile, «pirogi». Kisha, kila kikundi kinabonyeza muhusika wake na kitufe cha kuume cha kipanya, kinamutoa kama faili, kinamupeleka na flashi ku ordinatere ya kikundi cha kwanza. Muhusika anafika na bloku zake zote. Ile pirogi ya muda inabaki. Usiilete, vinginevyo mtakuwa na mbili.

Muunganishe mmoja mmoja, na kujaribu kila mara. Mkiweka wote kwa mara moja, kosa likitokea, hamtajua limetoka wapi. Wekeni pia kopi ya kila hatua, juu betri inaweza kuisha katikati ya kazi.

Namna ya kupima

Mchezo ukitembea, mwalimu asiangalie tu kama pirogi inasonga. Amuite mtoto mwenye kunyamaza, amuonyeshe bloku moja ya kikundi chake na kumuuliza: «Tukiondoa hii, nini itatokea?» Akijibu, kikundi kimefanya kazi pamoja. Akishindwa, tena shofere alikuwa mmoja tu. Basi yeye ndiye ashike kipanya wa kwanza juma lijalo.