Namna za Kuhifadhi Nakala Rudufu za Programudhibiti katika Uokoaji wa Data

Utangulizi

Mtafiti wa Kiswahili katika pwani ya Malindi na Kilifi hategemei tena kanda za kaseti. Masimulizi ya wazee wa Mambrui na Takaungu, picha za miswada ya hati za Kiarabu na orodha za msamiati wa lahaja hukusanywa kwa miezi kadha, kisha yote hutiwa katika diski kuu moja inayotoshea kiganjani. Diski hiyo inapokataa kusomeka, mwenyewe huamini kuwa kazi yake imefutika. Aghalabu haijafutika. Yamkini kilichoharibika ni maagizo machache yanayoiendesha diski yenyewe. Makala haya yanafafanua maagizo hayo ni nini, kwa nini nakala yake hutangulia matengenezo, na jinsi nakala hiyo inavyohifadhiwa ili ije kufaa.

Programudhibiti na kazi yake

Programudhibiti ni programu inayotiwa ndani ya kifaa kiwandani ili kukiongoza. Katika diski kuu, sehemu yake ndogo hukaa katika chipu iliyo kwenye bodi ya saketi. Sehemu kubwa huandikwa katika eneo la huduma, yaani mapito ya sahani ambayo mtumiaji wa kawaida hayafikii. Humo mna moduli mbalimbali: orodha ya kasoro za sahani zilizogunduliwa kiwandani, orodha ya kasoro zilizozuka baadaye, jedwali linalofasiri anwani za data kuwa mahali halisi kwenye sahani, na vipimo vya kila kichwa cha kusomea.

Mnamo 1498 Vasco da Gama alifika Malindi akiwa na merikebu na mabaharia. Alichokosa ni mtu aijuaye njia ya Calicut, na rubani huyo alimpata Malindi. Programudhibiti ndiyo rubani wa diski. Shehena yaweza kuwa salama ndani ya chombo na bado isifike bandarini kwa kukosa aijuaye njia. Mfano wa hakika ni ule wa mwanzoni mwa 2009, kampuni ya Seagate ilipokiri kuwa baadhi ya diski zake za Barracuda 7200.11 zilikuwa na hitilafu ya programudhibiti iliyoweza kuzifanya zisitambuliwe na kompyuta. Data ilikuwamo ndani. Njia ya kuifikia ndiyo iliyofungika.

Hata hivyo, rubani wa diski haazimwi kwa urahisi. Vipimo vyake hutokana na kupimwa kwa diski moja moja, hivi kwamba diski mbili za modeli moja, zilizotengenezwa siku moja, huwa na vipimo tofauti. Ndiyo maana kubadilisha bodi pekee, bila kuhamisha yaliyomo katika chipu ya awali, aghalabu hakuifufui diski.

Kwa nini nakala hutangulia

Fundi anapotengeneza eneo la huduma hulazimika kuandika humo. Akilijenga upya jedwali la anwani kwa kosa, au akiifuta orodha ya kasoro isiyopasa kufutwa, anwani husogea na data husomeka vurugu. Hali ya pwani huongeza hatari: hewa ya chumvi na unyevu hula viungo vya bodi, na umeme ukikatika wakati wa kuandika, moduli yaweza kubaki nusu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma chipu na eneo la huduma na kuweka nakala. Bila nakala hiyo, kosa dogo huweza kukosa marejeo.

Namna za kuhifadhi

Kwanza, nakala huchukuliwa kwa moduli na pia kwa mapito mazima. Moduli ni rahisi kulinganishwa na kurejeshwa moja moja. Mapito hunasa hata yale ambayo orodha ya moduli, ikiwa imeharibika, haiwezi kuyataja. Nakala ya chipu huambatanishwa na hizo mbili.

Pili, kila diski hufunguliwa jalada lake. Vifaa vya kitaalamu kama PC-3000 vya ACE Lab hufuata utaratibu huo. Jina la jalada hubeba modeli, nambari ya mfululizo, toleo la programudhibiti na tarehe. Nakala ya awali haiandikwi juu yake kamwe. Kila badiliko huwekwa kando na kuelezwa.

Tatu, karakana huweza kuwa na ghala la jumla lililopangwa kwa familia za diski. Ghala hili hufaa kwa moduli zinazoshirikiwa na diski nyingi, lakini haliwezi kutoa vipimo vya diski fulani. Kulichanganya na majalada ya diski moja moja ni kosa.

Nne, nakala huhakikiwa. Eneo husomwa mara mbili na matokeo hulinganishwa, kisha alama ya uhakiki huandikwa jaladani. Nakala isiyohakikiwa ni dhana tu.

Tano, nakala hutengwa mahali. Haifai kukaa katika diski ya mteja wala katika kompyuta moja ya karakana. Funzo lipo karibu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha za dijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza. Maktaba hiyo ilipovamiwa kimtandao Oktoba 2023, mikusanyo yake ya mtandaoni haikupatikana kwa muda mrefu. Miswada asili ilikuwa Lamu. Hata taasisi kubwa haitoshi kuwa mahali pekee.

Hatimaye, nakala hulindwa. Katika baadhi ya diski zenye usimbaji fiche, ufunguo wa data hukaa katika eneo la huduma. Aliye na nakala hiyo ana sehemu ya siri ya mwenye diski.

Hitimisho

Nakala ya programudhibiti ni ndogo, na gharama ya kuitunza si kitu ikilinganishwa na masimulizi ya mzee ambaye hawezi kurekodiwa tena. Thamani yake, hata hivyo, hutegemea maandishi yanayoiandama. Wanakili wengi wa miswada ya pwani walimalizia kwa kutaja jina lao na tarehe, nao msomaji akajua alichoshika kimetoka wapi. Jalada la diski linahitaji adabu hiyo hiyo, tena kwa istilahi ambazo fundi mwingine atazielewa, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana mchango wa kutoa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nakala isiyojulikana ni ya diski ipi ni mali ya namna hiyo.