Kupanda Kilimanjaro kwa Njia ya Machame

Wengi wanaotaka kupanda Kilimanjaro kwa mahema hufikiri mizigo kwanza. Sisi twawashauri wafikiri siku kwanza, maana hewa ya juu ni nyepesi na mwili hauizoei upesi. Siku sita ni haba. Saba ni bora, kwani ya saba humpa mtu usiku mmoja zaidi Karanga kabla ya kwenda Barafu.

Mahema hayapigwi popote, ila katika kambi zilizowekwa, na kuwa na kiongozi mwenye leseni ni sharti. Kuni za mlimani ni marufuku. Jiko na mafuta yake hutoka chini. Barafu, yapata futi 15,300, hakuna maji: wapagazi huyapandisha kutoka bonde la Karanga, basi idadi yao ihesabiwe mapema.

Siku ya tatu hupandwa mpaka Lava Tower, kiasi cha futi 15,000, kisha hushukwa kulala Barranco, futi 13,000. Wageni hunung'unika kuwa wamepanda bure, kumbe ndiyo dawa yenyewe. Lakini mtu akiumwa kichwa, akatapika, akaanza kuyumba kama mlevi, ashushwe mara moja, hata ikiwa usiku wa manane. Na mpagazi vivyo hivyo: kuzaliwa Machame hakumkingi na maradhi haya.