Uwanja wa Barbuda
Tajiri akitaka kisiwa kitulivu cha Karibi hukodi ndege nzima, hata wakiwa abiria wawili, na mara nyingi hulipia pia inaporudi tupu. Ni fedha zake. Lakini jeti haitui kichakani. Inataka lami ndefu.

Hapo ndipo nawakumbuka wakazi wa Barbuda. Septemba 2017 kimbunga Irma kiliwabomolea nyumba, wakahamishiwa Antigua wote. Wengi hawajarudi, matingatinga yakaanza kufyeka uwanja mpya, katika kisiwa ambacho ardhi yake wenyeji walikuwa wakiimiliki kwa pamoja. Wawili wakashtaki. Mwaka 2024 mahakama yao ya mwisho, iliyoko London, ikaamua kuwa wana haki ya kusikilizwa. Oktoba hiyo hiyo uwanja ukafunguliwa.