Namba za Pembeni mwa Gemu

Kwenye kibanda changu cha gemu hapa Mikindani, vijana huniuliza zile namba za kijani za pembeni, zinazoonyesha idadi ya picha kwa sekunde na joto la kompyuta, zinatoka wapi, ilhali gemu limejaza skrini yote.

Gemu likishika skrini nzima peke yake, dirisha la programu nyingine halipati nafasi ya kutokea juu yake. Kwa hiyo maandishi hayabandikwi juu, yanaingizwa ndani. Gemu huchora kila picha kwanza kwenye kumbukumbu isiyoonekana, ikikamilika hutoa amri ionyeshwe. Kwenye mfumo wa kuchora picha wa OpenGL amri hiyo ni SwapBuffers, kwenye ule wa Direct3D ni Present. Programu kama RivaTuner huidaka amri njiani, huandika herufi zake juu ya picha, kisha huiachia iende, kama karani anayegonga mhuri kwenye gunia la korosho kabla halijapakiwa melini. Kwa picha 60 kila sekunde, kila moja ina milisekunde 16 na ushei tu. Ni kazi ya ustadi mkubwa.

Mimi huitazama zaidi namba ya joto. Novemba hapa, kabla mvua hazijashika, chumba huchemka. Nikiona nyuzi 85 nafungua ubavu wa kompyuta na kuielekezea feni.

Ila kuweni waangalifu na gemu za mtandaoni. Ulinzi wake unaweza kuidhania programu hii kuwa ya wadanganyifu, maana nao hupitia njia hiyohiyo. Kwa gemu hizo, chagueni dirisha lisilo na kingo badala ya skrini nzima, na programu inayoonyesha namba kwenye dirisha lake yenyewe badala ya kuingia ndani ya gemu. Hapo Windows yenyewe hukubali dirisha jingine angavu likae juu, bila kuligusa gemu.