Cheti cha Masoko: Je, Chalipa Gharama Yake?

Kila mwaka yatokapo matokeo ya kidato cha nne, nyumba nyingi za Bujonde, kama nyingine za Kyela, huingia katika mashauri. Kijana amefaulu kiasi, nafasi ya kidato cha tano hakuipata, naye ataka kwenda Mbeya kusoma cheti cha masoko. Baba aitazama mikakao yake, mama aitazama akiba ya mpunga, na wote waulizana: Fedha hizi zikitoka, zitarudi? Swali hili halina aibu. Kuhesabu kabla ya kutoa ni katika akili, nasi twapenda kuhesabu pamoja na wasomaji wetu.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Cheti hiki, kiitwacho Astashahada, huanzia ngazi ya nne, nayo husomwa mwaka mmoja. Mwenye kufaulu huweza kupanda ngazi ya tano na ya sita, akapata Stashahada. Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, kina tawi mjini Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela kwa njia ya Tukuyu. Vyuo vya watu binafsi navyo vipo. Chuo chochote kiwacho, yampasa mzazi kuhakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa lisimamialo elimu ya ufundi, kabla ya kulipa hata senti moja.

Liko jambo jingine ambalo baadhi ya nyumba zetu hulijua kwa kuchelewa. Sharti la kawaida la kuingia ni kufaulu masomo manne katika kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Kijana aliyefaulu Elimu ya Dini ya Kiislamu na masomo mengine matatu tu, atarudishwa mlangoni. Hatusemi somo la dini liachwe, hasha! Twasema yale manne mengine yaangaliwe mapema, mtoto angali kidato cha pili na cha tatu.

Sasa tuje kwenye gharama. Wengi huitazama ada peke yake, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Tuchukue mfano, wala si bei ya chuo fulani: ada shilingi 1,000,000, chumba na chakula shilingi 160,000 kwa mwezi, nayo kwa miezi 10 ni shilingi 1,600,000, nauli, vitabu na mavazi shilingi 400,000. Jumla ni shilingi 3,000,000, na bado hatujahesabu mikono itakayokosekana shambani. Kijana huyo akipata kazi, na baada ya kula na kulala akaweza kuweka shilingi 100,000 kila mwezi, fedha ya wazazi itarudi baada ya miezi 30. Je, kazi yenyewe iko? Cheo cha Afisa Masoko serikalini hudai shahada. Cheti peke yake humfikisha mtu kwenye uuzaji wa dukani, uwakala wa kampuni au ukarani wa ghala.

Lakini faida ya elimu hii si mshahara tu. Tutazame mali ya Kyela. Kakao hukusanywa na vyama vya msingi, ikauzwa mnadani, na bei yake hufuata soko la dunia. Mavuno yalipoharibika Ghana na Ivory Coast, tani moja ilipita dola 12,000 mwezi wa Desemba 2024. Kabla ya mwaka 2025 kwisha, bei ilikuwa imeanguka chini ya nusu. Cheti hakiwezi kuizuia bei hiyo isianguke. Kwenye mchele na mawese mambo ni mengine. Mchele wa Kyela una jina kubwa hata Dar es Salaam, lakini aghlabu hutoka kwetu kwa gunia, na mwingine ndiye aupimaye, aufungaye na kuuandika jina. Kijana ajuaye kufunga, kupima kwa haki, kutafuta alama ya ubora ya TBS na kumshika mnunuzi, ana kazi hapa hapa Bujonde.

Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hana kitu, nduguye Saad alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Mtaji wake ulikuwa ni kuijua biashara.

Basi wazazi, twawashauri hivi. Msiuze shamba kwa ajili ya cheti, wala msiingie katika mikopo ya riba. Lipeni kwa mavuno ya mwaka, hata ikibidi kungoja msimu mmoja. Katika msimu huo mpeni kijana, au binti, magunia mawili ya mchele ayauze mwenyewe na kuleta hesabu iliyoandikwa. Akirudi na faida na maswali mengi, huyo chuo kitamfaa. Akirudi na visingizio, cheti hakitambadilisha. Nanyi vijana, msiombe fedha ya wazee mpaka mweze kuwaeleza mtauza nini, kwa nani, na kwa bei gani.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na chumo la halali. Amin.