Jaribio la Kusoma Halina Kufaulu wala Kufeli

Tangu majaribio ya kupima usomaji wa watu wazima yaingie katika simu za mkononi, ni nadra kupita Maili Moja, Kibaha, au sokoni Kisarawe pasi na fundi cherehani, bodaboda au mama lishe kunisimamisha na kuniuliza, kwa uso wenye fadhaa, swali ambalo sasa limenichosha: “Mwalimu, nimepata mia mbili na thelathini; nimefaulu au nimefeli?”

Hukufaulu wala hukufeli, kwa kuwa huo si mtihani. Majaribio ya namna hii, kama lile la PIAAC, la kimataifa, la shirika la ushirikiano wa kiuchumi la OECD, linalowahusu watu wa miaka 16 hadi 65, hupanga matokeo katika kipimo cha 0 hadi 500, kisha hukigawa kwa ngazi, kuanzia chini ya ngazi ya 1 hadi ngazi ya 5, na kila ngazi hueleza ni maandishi ya aina gani ambayo msomaji aghalabu huyamudu. Fauka ya hayo, mashine huteua maswali yanayofuata kwa kutazama ulivyojibu yaliyotangulia, hata majirani wawili walioketi benchi moja wakaletewa maswali mbalimbali. Basi anayekuuzia majibu anakuuzia upepo.

Lakini kosa kubwa zaidi limo katika itikadi inayolizaa swali lenyewe, kwamba mtu ama anajua kusoma ama hajui, na kwamba mwenye kutamka maneno bila ya kukwama amekwisha kujua. Mpe mzee wa Maneromango bahasha ya dawa iliyoandikwa “1 x 3, siku 5, baada ya kula”, naye ataisoma kwa sauti pasi na kosa hata moja; kisha muulize kama vidonge kumi alivyouziwa vitamtosha, uone atakavyonyamaza. Vidonge hivyo vitakwisha asubuhi ya siku ya nne, na dozi inataka kumi na tano. Herufi amezijua zote, ila habari iliyomo hakuitoa. Na kuitoa habari ndiko kunakopimwa.

Kupima kisomo kwa ngazi si jambo geni kwetu, na ndiyo maana usahaulifu wetu unanikera. Taifa letu la Tanzania lilipofanya jaribio lake la kisomo mwaka 1975, lilipanga hatua nne, na aliyefika hatua ya mwisho alitazamiwa kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu zake ndogo ndogo. Wenye kupenda takwimu waliziacha hatua, wakashika asilimia peke yake, yaani kwamba wasiojua kusoma walikuwa 67 katika kila mia mwaka 1967 wakashuka hadi 9.6 mwaka 1986. Na tangu hapo watu wakadhani kisomo ni mlango ambao mtu akishauvuka haurudii tena, ilhali maarifa yasiyotumika huchuja, na aliyehitimu enzi zile bila ya kushika kitabu tena huenda leo amerudi nyuma hatua mbili.

Kadhalika, usisahau lugha. Jaribio la Kiingereza humpima msomaji wa Kiswahili Kiingereza chake, tena na wepesi wa kidole chake juu ya kioo. Alama ndogo ya hapo si ithibati ya ujinga wala ya upungufu wa akili.

Basi la kufanya ni hili, kwa ufupi. Tafuta jaribio la bure, wala usilipie cheti cha mtandaoni. Lifanye ukiwa umetulia, bila ya msaidizi. Ukimaliza, acha alama, tazama maswali yaliyokushinda: ni ya jedwali, ya maelezo marefu, au ya hesabu? Upungufu huo upeleke kwa afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri yako, au katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, Kibaha au Kisarawe. Mwenye haja ya cheti cha kidato cha nne aanze kwa kujiandikisha Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, ndio umfungulie njia ya mtihani huo wa kidato cha nne. Na kila siku usome kitu chenye kukulazimisha kufikiri: mkataba, ankara ya umeme, katiba ya kikoba chenu.

Atakayenisimamisha tena aje na swali lililomshinda, tulisome pamoja. Alama yake sina haja nayo.